Nguzo ya Kumi na Mbili

Umekuja Oktoba, Ottavio, na viatu vinavyong'aa
na karatasi ndani ya bahasha ya kahawia.
Umepanda ngazi mia na arobaini bila neno,
ukasimama mara tatu kushika kiuno,
mara tatu ukasingizia mandhari.
Nami nikanyamaza. Mandhari ni nzuri kweli:
mto Dora kule chini, mwembamba kama uzi wa kushonea,
reli, mapaa ya Carema, na mlima unaotuziba jua
tangu tuzaliwe.

Hili ndilo shamba. Usitafute jingine.
Vipande vya ardhi vyenye upana wa kitanda cha mjane,
vimeshikiliwa na kuta alizozipanga baba,
jiwe juu ya jiwe, bila tone la saruji.
Udongo ukiteremka na mvua, tuliufuata bondeni
tukaurudisha mgongoni, kila mwaka, udongo uleule.
Mwalimu alisema dunia inazunguka.
Sisi tuliizungusha kwa tenga.

Hesabu nguzo. Nene kiunoni, nyembamba kichwani,
zimejitwika fito, na fito zimejitwika mizabibu.
Mchana hunywa jua. Usiku hulitoa kidogo kidogo,
kama bahili anayelipa deni,
zabibu zipate kulala na joto.
Wengine huziita nebiolo, jina lenye ukungu ndani yake;
nyanya yetu aliziita pikotendro
na hakuwahi kuomba radhi.

Zilikuwa kumi na mbili. Ya mwisho ilianguka
mwaka ule uliokwenda Ivrea kuunda taipureta.
Sikukulaumu. Nusu ya kijiji ilishuka nawe
kwa basi la alfajiri:
mshahara haupigwi na mvua ya mawe.
Kuta za akina Bertolè zikafumuka,
msitu ukaingia kwa adabu, kwanza miiba,
kisha mishita, kisha nguruwe mwitu na watoto wake.
Ukaniandikia barua za mashine,
herufi zimesimama wima kuliko nguzo zangu,
na hakuna hata moja iliyouliza habari za shamba.

Jana nilikumiminia. Ukasema: mwepesi,
mchachu kidogo, rangi imepauka kama chai.
Ndiyo. Huu si mvinyo wa kupiga kelele.
Umekaa miaka minne katika pishi linalotoka jasho,
ukazoea kunong'ona.
Ungengoja mkate, ungengoja jibini,
ungelikuta waridi lililosahauliwa ndani ya kitabu cha sala,
na nyuma yake chuma,
ile ladha ya ufunguo mdomoni
tulipokaa kizingitini, wewe na mimi, tukimngoja mama.
Lakini ulikuwa umeshatazama saa.

Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe.
Jembe halina pa kugeukia hapa. Nikakupa mkasi,
na suruali ya marehemu Primo, iliyokupwaya.
Ukakata vibaya. Ukakata vibaya hadi adhuhuri,
kisha vidole vikakumbuka kitu
ambacho wewe mwenyewe hukukumbuka.

Giza lilipoingia nikaja na taa kukutafuta.
Ulikuwa umeegemea nguzo ya saba, mgongo mzima,
macho umefumba.
"Bado ina joto," ulisema,
kwa sauti ya mtu anayeshitaki.

Bahasha iko mezani, chini ya kisu cha mkate.
Nitatia sahihi kwa kile kipande cha juu;
magoti yangu hayafiki tena kule,
na mishita ilikinunua zamani, bila karatasi.
Hiki hapana.

Kesho tutaanza safu ya chini, umande ukikauka.
Na lile rundo pembeni, lenye mijusi,
ndilo ya kumi na mbili.
Sijahamisha hata jiwe moja.
Vidole vyako vilizoea vitu vidogo.
Anza na vidogo.